Felista Wawili wa Ngumbo

Jumatatu, 5 Machi 2001

Mvua tangu alfajiri. Kompyuta mpya iko juu ya meza yangu, imefunikwa kitambaa chakavu cha altare. Sista Benedikta, msimamizi wetu hapa kliniki, hataki vumbi liiguse. Kila mtu anapita kuitazama. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," kasema Hyera, muuguzi anayepeleka dawa vijijini. Mwenyeji ni mimi. Sikuwa mgonjwa.

Ya zamani imepelekwa stoo. Ilikuwa ya Linux, tuliachiwa na Mjerumani wa kujitolea, ndiye aliyenifundisha kuandika programu. Ushirika wa kahawa ulikuwa umeshanipunguza kazini. Wanunuzi binafsi wa kahawa walijaa mjini, ushirika ukafa, na karani wake wa kompyuta, ndiye mimi, akarudi shambani Matiri. Ile mashine ndiyo iliyonitoa shambani. Ina kelele, ni nzito kama ng'ombe mzee, lakini ukikosea inakwambia. Hii mpya ni ya Windows, imetoka dukani Songea. Siku hizi ni pesa yako tu.

Fundi wa dukani ndiye aliyehamisha mafaili ya wagonjwa. Katikati ya kazi mashine ikamuuliza kitu, Kiingereza kitupu. Akabonyeza ndiyo kwa yote. Nilikuwa pembeni nachambua maharage ya mbegu. Tumemaliza kabla ya chai.

Jumanne, 6 Machi

Kadi za mwezi za wagonjwa wa kifafa zimetoka. Programu yangu inasoma orodha ya majina, inafungua faili la kila mgonjwa, inachapa dozi yake. Sista anafunga dawa kwa kufuata kadi. Zamani ilikuwa kazi ya siku nzima. Leo asubuhi tu. Basi, iendelee kuvaa kitambaa chake cha altare.

Kina Felista wa Ngumbo, kule ziwani, wamo wote wawili. Bibi na mjukuu, wajina, na ugonjwa mmoja. Bibi anameza vidonge viwili usiku, mtoto nusu. Kwenye mafaili nimewatenganisha kama wengine wote waliorithishana majina: mkubwa kwa herufi kubwa, mdogo kwa herufi ndogo. FELISTA-NGUMBO na felista-ngumbo. Mtu mzima huwezi kumwandika kama mtoto. Adabu ni adabu, hata ndani ya mashine.

Kadi sikuzisoma. Nilizihesabu tu, zikatimia.

Ijumaa, 9 Machi

Hyera amerudi kutoka ziwani, Land Rover imejaa tope mpaka kwenye vioo. Pakiti zote zimefika. Dada yangu ameleta salamu za Matiri: ngoro zangu, mashimo yetu ya kulimia mlimani, hazijachimbwa, na wenzangu wameshapanda maharage. Nimemwambia nitakuja Jumamosi. Ananijua mimi na Jumamosi zangu, akacheka.

Jumatano, 14 Machi

Nimeandika jina la mgonjwa wa Namswea kwa herufi ndogo tupu, kwa uvivu. Faili lake ni la herufi kubwa. Likafunguka. Ile ya zamani ingenigomea: hakuna faili la jina hilo. Nikaisifu mashine. Nikamimina chai. Kikombe kiko mdomoni, nikaelewa.

Nimeandika FELISTA-NGUMBO. Nusu kidonge. Nimeandika felista-ngumbo. Nusu kidonge.

Nimefuta. Nimeandika upya, polepole. Nusu. Nusu.

Sasa najua mashine ilimuuliza nini fundi. Lipo faili la jina hili, nilifute niweke hili? Ndiyo kwa yote. Kwake herufi kubwa na ndogo ni jina moja. La bibi lilitangulia, la mtoto likaja juu yake. Nje limebaki jina la bibi, kubwa, la heshima. Ndani ni dozi ya mtoto. Programu ilipomtafuta bibi ilimkuta mjukuu, na haikuguna.

Nimekwenda stoo kuiwasha ile ya zamani. Iliunguruma, ikaamka. Bibi yumo. Vidonge viwili. Nimetaka kulia.

Wajina wengine ni wa sehemu mbili. Wa Matiri dozi zao zinalingana. Wa Litumbandyosi hawajaja, pakiti zao zipo kabatini, tumezifungua na kuzifunga upya. Wamebaki wa Ngumbo.

Sista amesema mara moja tu: dawa hii ikipunguzwa ghafla, kifafa kinarudi kwa nguvu. Kisha akaenda kanisani. Nimejaribu kuwaita wa ziwani, redio ya misheni inatoa mvumo wa mvua tu. Hyera ana malaria. Sikwenda kanisani. Naogopa, na nina hasira na kila kitu, kuanzia yale maharage ya mbegu.

Alhamisi, 15 Machi

Juu ya lori la wachuuzi wa samaki. Sista amenipa pakiti sahihi, nimeifunga kiunoni ndani ya kanga. Tumekwama mara mbili kwenye mteremko. Mara ya pili wanaume wamekata matawi kuweka chini ya magurudumu, na sisi wanawake tumesukuma. Tope mdomoni.

Jana nilipokuwa naandika sikuthubutu kuliweka hili: huyo bibi anapika kwa kuni, anachota maji ziwani. Moto na maji. Hivyo ndivyo vitu mtu wa kifafa huombewa aepushwe navyo.

Tunalala njiani. Ziwa linaonekana chini, jeupe, kama halina habari.

Ijumaa, 16 Machi

Nimechelewa.

Kifafa kilimwangusha Jumanne. Jua hakuna, kwa hiyo alikuwa akikausha usipa, dagaa wa ziwani, juu ya moto. Aliangukia mekoni, mkono wa kulia chini yake. Mtoto ndiye aliyemvuta kwa kanga huku akipiga kelele. Ana miaka saba. Zahanati wamemfunga mkono, lakini vidole viwili vimekwisha, hata mimi nisiye mganga nimeona.

Nilimkuta ameketi mkekani, ameegemea ukuta. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Umetoka Mbinga na mvua hii? Wajina, mletee mgeni kigoda." Mtoto akaleta. Nikashindwa kuketi.

Akaanza yeye, kabla sijasema neno. Alipofungua pakiti na kuona nusu kidonge alipiga magoti. Miaka yote viwili, leo nusu. Akajua daktari ameona amepona. Jumapili akasimama kanisani kwao, mbele ya watu wote, akamshukuru Mungu. Wakampigia vigelegele.

Nimewahi kufikishiwa habari mbaya nyingi. Hii nilikuwa naifikisha mimi. Nikamwambia.

"Kwa hiyo sijapona," akasema.

"Hujapona, bibi. Mashine imekuchanganya na mjukuu wako."

"Kwani haijui mkubwa na mdogo?"

"Ya zamani ilijua. Hii haijui."

Mkono wala hakuutazama. "Nilishashukuru," akasema. "Sasa watu nikawaambie nini?"

Nikampa pakiti. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kuipokea kwa kushoto. Hapo ndipo nilipolia, nje, nyuma ya nyumba, karibu na chanja ya samaki. Alipoona macho yangu wakati wa kuaga alisema, "Kama haijui, kaifundishe."

Jumapili, 18 Machi

Nimerudi. Misa ya pili. Padre amehubiri juu ya subira. Sikumsikia vizuri.

Jumanne, 20 Machi

Nilitaka kurudi kwenye mashine ya zamani, basi, mambo yaishe. Nimebeba programu yangu kama nilivyoirekebisha kwenye hii mpya, nikaiendesha kule stoo. Imegoma mstari wa kwanza. Ndani ya programu nimeandika Orodha, kwenye diski faili linaitwa orodha. Nikarekebisha. Imegoma tena: Dozi na dozi. Wiki mbili tu kwenye mashine isiyojali, nami mkono umeshakuwa wa ovyo. Mashine mpya ilikuwa inanifichia makosa yangu, nami nikaita huko kufanya kazi vizuri.

Nimempigia fundi simu kutoka posta. Alisema kila mtu hubonyeza ndiyo kwa yote. Nilikuwa na matusi ya Kimatengo tayari, nikayameza. Fundi alibonyeza, lakini heshima ile ya herufi niliitunga mimi. Na chai niliiwahi mimi.

Nimekaa chini kufikiri badala ya kukasirika. Kesho mashine hii nayo itaenda stoo, itakuja nyingine, nayo itakuwa na tabia zake. Programu haiwezi kutegemea tabia ya mwenye nyumba.

Jumanne, 27 Machi

Imekwisha. Majina yote ya mafaili sasa ni herufi ndogo, na kila moja linaanza na namba ya kadi ya mgonjwa. Namba hairithiwi. Mahali popote programu inapotafuta faili, kwanza inashusha herufi zote kuwa ndogo, kwa hiyo Linux au Windows, haina pa kubabaika. Na kabla ya kuandika faili jipya inalinganisha jina na yaliyopo bila kujali ukubwa wa herufi. Likifanana inasimama. Haiulizi. Hakuna ndiyo kwa yote.

Nimeweka na jingine: kadi inaonyesha dozi ya mwezi huu na ya mwezi uliopita. Zikitofautiana haichapi mpaka Sista aandike jina lake.

Nimejaribu kuingiza Felista wa pili kwa njia ile ya zamani, makusudi. Ilikataa. Nikajaribu kwenye mashine ya stoo. Nayo ikakataa. Sista alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Vizuri, Mama Osmund." Si vizuri. Imechelewa tu kuwa vizuri.

Kitambaa cha altare nimekifua na kukirudisha.

Jumanne, 17 Aprili

Sikukuu imepita. Hyera amepona malaria, amerudi jana kutoka ziwani na salamu.

Bibi Felista hajaanguka tena. Mkono umekauka, haushiki mwiko. Mtoto ndiye anayesonga ugali sasa, na bibi anamwita "mke mwenzangu", anamtania kwamba ugali wake una madonge.

Siku ya Pasaka alisimama tena kanisani. Hyera alikuwepo. Safari hii hakuna aliyepiga vigelegele, maana wote walikwishajua. Akasema hakupona, na alichoshukuru siku ile hakikuwepo. Akasema leo anashukuru kingine: kwamba dozi iliyofutwa ilikuwa ya kwake. Kama ya mtoto ndiyo ingefutwa, mtoto angemezeshwa vidonge viwili kila usiku kwa mkono wake yeye bibi, na asubuhi moja asingeamka.

Hili nililijua tangu siku ile nilipoelewa, kikombe mdomoni. Lililoamua ni faili lipi tu lilitangulia kunakiliwa. Sikuliandika humu hata mara moja, na sikumwambia mtu. Amelifikia mwenyewe, mekoni kwake.

Jina la faili lake ni namba na herufi ndogo kama la kila mtu. Ndani, mahali ambapo mashine haijali, nimeandika FELISTA kwa herufi kubwa.

Amenitumia usipa, wamefungwa kwenye gazeti. Wale wa siku ile, kasema Hyera, walionusurika juu ya chanja. Hawakutupwa. Upande mmoja wameungua. Nimewakaanga jioni kwa nyanya na kitunguu, nikala na ugali, pamoja na walioungua.

Jumamosi nakwenda Matiri. Maharage nimechelewa, lakini majani lazima yafyekwe.