Ngoma ya Unyanyembe Chini ya Mabati ya Mzaramo

Alhamisi. Joto la kugandisha kanzu mgongoni, na mawingu yamekaa upande wa Jangwani tangu asubuhi kama wageni wasiotaka kuaga. Masika yako karibu.

Leo Serikali ya Mwingereza imetoa kile tulichoiomba, nami nimerudi nyumbani sijui nicheke au nilie. Nimecheka kwanza.

Habari yenyewe ni ngoma yetu kubwa, ile iliyoshuka pwani na misafara kutoka kwetu Unyanyembe, upande wa Tabora. Ni ya mninga, gogo moja zima, na sisi wazee wa Kinyamwezi hapa Kariakoo ndio tuliobaki nayo. Tunaiweka katika chumba cha Mzee Mrisho, mkubwa wa chama chetu, chini ya makuti ambayo yamekwisha kuwa chujio. Masika yaliyopita ngozi iliota ukungu. Mchwa wameshaonja mguu mmoja. Tukiiacha pale mvua hizi zijazo, itapasuka, na fundi aliyejua kuchonga nyingine tulimzika zamani.

Mimi nilishuka na msafara nikiwa kijana, kwa miguu, nikawaambia wa nyumbani nitarudi baada ya mavuno. Siku hizi kuna gari la moshi hadi Tabora, na bado sijarudi. Nikishikwa na hamu ya kwetu huenda kwa Mrisho kuitazama ngoma. Ni karibu zaidi.

Basi boma lilipotangaza kwamba lipo fungu la fedha la kuhifadhi mambo ya kale, tuliomba kibanda kimoja cha mabati. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa boma, akasema atakuja kuiona ngoma na kuisikia historia yake, ndipo aamue. Leo akaja kwa Mrisho na motokaa yake, na karani kijana aliyevaa koti katika joto hili. Nilichaguliwa mimi kueleza, kwa kuwa nimesoma, na kwa kuwa, asema Mrisho, nikianza sikatiziki.

Nilikatizwa.

Jirani yetu Bi Tatu, muuza vitumbua, ni Mzaramo. Wazaramo na sisi ni watani tangu enzi za misafara. Wao hutudai chochote na kututukana mbele za watu, hata msibani, na kukasirika ni mwiko. Nasi huwalipa vilevile. Bi Tatu aliona Mzungu, akaona watu wamejaa, akaniona mimi nimevaa joho na nimeshakohoa ili nianze. Mtani gani angeiacha nafasi kama hiyo? Akaja moja kwa moja, akakaa juu ya ngoma.

“Hii ni yetu,” akasema. “Bwana Shauri, hawa walifika hapa miguu imevimba kama mihogo. Babu yangu akawapa maji ya kisima. Hawakuwa na cha kulipa, wakamwachia ngoma. Maji wameshayanywa, leo ngoma wanaitaka!”

Watu walicheka. Bwana Shauri hakucheka. Akanigeukia, kwa Kiswahili chake safi cha darasani: “Je, mzee, ni kweli?”

Sasa, mtani hakanushwi. Mtani huongezewa. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na mdomo wangu ulijibu kabla sijauuliza.

“Kweli kabisa, bwana. Tena maji yenyewe yalikuwa na vyura, na chura mkubwa kuliko wote alikuwa babu yake.”

Niliona kalamu ya karani ikienda. Nilipotambua kinachoandikwa, Mrisho alikuwa ameshaharibu zaidi. Yeye, akitaka kumwondoa Bi Tatu kwa heshima, alifuata desturi, kwamba kitu alichokishika mtani hukombolewa: alikimbia uani, akarudi na jogoo, akamkabidhi kama kikomboleo. Bi Tatu akamshika jogoo miguu, akamwinua juu watu wote waone.

“Amekonda kama mwenyewe!”

“Nimeelewa,” akasema Bwana Shauri. “Wanamlipa mwenye mali.”

Nikamwambia, bwana, huu ni utani. Akauliza utani ni nini. Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu, lakini jibu lililonijia lilikuwa hili: “Tunatukanana, bwana, kwa sababu tunapendana.” Karani akainua kalamu. Bwana Shauri alifikiri kidogo, kwa nia njema kabisa, akasema kwa jambo hilo hakuna fungu.

Kisha akaamua. Ngoma ni ya kale, imempendeza, na itapata kibanda. Lakini kwa kuwa sisi wenyewe tumekiri mbele yake, kibanda kitajengwa uani kwa Bi Tatu, na ngoma itaandikwa kuwa ni ya Wazaramo. Mabati yanakuja Jumamosi. Akatupa mkono mmoja mmoja, akampongeza Bi Tatu kwa kutunza urithi wa wazee wake, akapanda motokaa.

Bi Tatu alibaki amekaa juu ya ngoma, jogoo mkononi.

Alasiri alikuja kwangu na sahani ya vitumbua. Hakunitukana, nikaogopa.

“Mtani,” akasema taratibu, “sikutaka hivi. Nitakwenda boma niwaambie nilikuwa nacheza.”

Nilimwomba anipe muda nile kimoja. Akienda, watasema kuna ugomvi, na mahali penye ugomvi Serikali haijengi; fungu litarudi, na ngoma itapasuka kwa Mrisho. Asipoenda, ngoma itakuwa kavu, na karatasi ya boma itasema uongo tukishakufa sote. Mimi ni mtu wa kusahihisha. Hata hotuba za msikitini huzisahihisha kimoyomoyo. Kitumbua nikakimaliza.

Nikamwambia asiende.

Alinitazama sana. Nadhani aliona vile nilivyoumia, kwa sababu alifanya huruma kwa njia anayoijua. “Vizuri,” akasema. “Lakini mkija kuipiga, mtaacha viatu nje. Miguu ya Wanyamwezi itaniulia mbu wote uani, nami nimewazoea.”

Nilicheka hadi mke wangu akaja kuchungulia.

Karatasi na iseme inavyotaka. Watoto wa mtaa huu nitawaeleza mwenyewe ilikotoka ngoma ile, na kuanzia sasa nitawaeleza nikiwa uani kwa Bi Tatu, naye akiwa pale kupinga kila neno.

Kesho asubuhi nakwenda kwake na kamba kupima mlango wa ua. Ngoma yetu ni pana, na sitaki ikwame mlangoni mbele ya majirani akapata la kusema.

Atalipata tu.