Nyuzi Arobaini na Saba

Jumatatu, 3 Februari
Mjukuu wangu amenipa kazi. Mimi, niliyestaafu hata kupiga chafya. Yeye ni katibu wa kamati ya mtaa — ile inayodai Jiji litupakie mabati rangi nyeupe na kutupandia miti. Anasema jua la siku hizi si la zamani, na waliolichokoza wamejifungia kwenye viyoyozi, sisi ndio tunakaangwa. Pesa za kupambana na joto zipo. Ila Jiji linataka kuzipeleka kule kwenye barabara za maofisi, ambako miti ni mingi mpaka kunguru wanachagua.
Basi nyumba ishirini zimepewa vipimajoto. Unakitundika usawa wa mto wa kulalia, saa nane mchana unasoma, unaandika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi madaftari yanaenda Jiji.
Usawa wa mto, babu. Amerudia mara tatu, kama naenda dukani. Mimi namwita Mke Mdogo. Bibi yake anamwita mke mwenzangu. Nyumba yetu ina amani.
Leo: 36.

Jumatano, 5 Februari
36 tena. Kinyozi, tunayepakana naye ukuta, amepata 38. Amekuja kunitangazia mkasi ukiwa mkononi, mteja amemwacha na kichwa nusu. Ati nyumba yangu ni friji. Friji! Nusu ya mabati ya mtaa huu nimeyapigilia mimi, na yake yamo.
Bibi ameshinda kitandani na kitambaa cha maji kifuani. Presha. Mwaka jana, msimu kama huu, alianguka kando ya beseni nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Daktari akasema akae kwenye chumba chenye ubaridi. Nikamuuliza kinauzwa duka gani.

Ijumaa, 7 Februari
Joto la bati hukaa batini. Fundi yeyote wa kuezeka anajua. Kulipima kwenye mto ni sawa na kupima homa kwa kushika kiatu cha mgonjwa.
Nimepanda juu ya meza. Bibi ameinuka kuishika miguu — ya meza, si yangu — huku akinisimanga: miaka sabini na minne na bado nyani. Nimekifunga kipimajoto kwa waya kwenye mbao za kenchi, shubiri moja chini ya bati.
Saa nane: 47.
Nikaenda kwa Kinyozi kunyolewa ndevu ambazo sina. Nikamtajia. Amenyoa kidevu kitupu mpaka mwisho.

Jumapili, 16 Februari
46, 47, 47, 45. Sioni haya.
Kamati imekaa uani kwetu. Mke Mdogo alisoma daftari moja moja. Alipofika kwetu akaisoma mara mbili. Akamtazama bibi yake, si mimi. Akasema huu ndio utakuwa ukurasa wa kwanza. Muuza maji ameniachia ndoo mbili bure kwa huruma. Nimezipokea.
Bibi hajasema neno. Bibi akinyamaza, heri akusimange.

Jumatano, 26 Februari
Kamati wamekwenda Jiji. Afisa amefungua ukurasa wa kwanza akacheka. Nyumba mbili, ukuta mmoja — huku 38, huku 47? Daftari moja likipikwa, anasema, yote yamepikwa. Ijumaa atakuja mwenyewe kupima chumba chetu. Kipimo kisiposoma hivyo anafunga faili, na miti inakwenda kwenye maofisi.
Mke Mdogo amerudi kwa miguu, ndala mkononi, madaftari kwapani. Alimjibu vipi? Alimwambia: "Babu yangu ana vituko vingi, lakini kwenye kipimo fundi hadanganyi."
Nimekunywa chai. Kisha nikatazama juu, kwenye kenchi.

Alhamisi, 27 Februari
Nimemwambia Mke Mdogo. Alikuwa anafua. Hakupiga kelele — afadhali angepiga. Alijifuta mikono, akapanda mezani, akauona waya.
"Kwenye mto ilikuwa ngapi?"
Sijui. Sijui tangu tarehe saba.
"Na Bibi alijua?"
Bibi akajibu toka chumbani: "Bibi alishika meza."
Nikacheka. Peke yangu.
Akasema nyumba kumi na tisa zilisema kweli. Watu walitoka vibandani juani saa nane, kila siku, kwenda kusoma namba. Kisha: "Kesho utamwambia wewe, mzee." Mzee. Kama karani.
Ameukata ukurasa wetu kwa mistari ya kalamu nyekundu. Bibi ananiambia lala, wewe. Nitalalaje.

Ijumaa, 28 Februari
Afisa amefika saa saba na nusu, koti na tai, na kipimo chake cha namba za kuwaka. Nilimwambia kabla hajaketi. Ile 47 ni yangu, ya kwenye kenchi, wenzangu hawana kosa. Nikaongeza ambalo sikuwahi kumwambia hata Bibi: nyumba hii niliiezeka chini makusudi, nipunguze gharama ya bati, nikiota kuweka dari baadaye. Miaka thelathini na moja. Hilo joto analolala nalo Bibi ni kazi ya mkono wangu pia.
Afisa akasema basi hakuna cha kupima. Akafunga begi.
Bibi akajivuta ukutani, akapiga kitanda kwa kiganja. "Mwanangu, umetoka mbali. Kaa kidogo. Mimi hapa hukaa mpaka jua lizame."
Nani atamkatalia? Amekaa. Kipimo amekiweka kwenye mto, kwa adabu tu.
Saa nane: 39. Niliichungulia.
Ni saa nane na robo. Naandikia mlangoni. Koti limevuliwa. Tai imelegea. Amemuuliza Bibi kama huwa anapata usingizi mchana. Bibi: usingizi gani, mwanangu, huku ni kuiva tu.
40.
Ametazama bati juu, muda mrefu. Kalamu anayo, karatasi anayo, bado hajaandika. Mke Mdogo ameketi upande wa pili anampepea Bibi kwa daftari letu, lile la wino mwekundu. Upepo wake unavuka kidogo upande wa Afisa.
Amesogea karibu nao.