Kitambaa juu ya mashine ya mjukuu

Shoga, nimeiua mashine ya mjukuu wangu.

Ile aliyoifunga sebuleni, kando ya redio. Alinieleza kuwa kuna mitandao miwili isiyosemezana ya blokcheni, yale madaftari ya pesa ya kwenye kompyuta, na mashine yake ndiyo tarishi: inachukua ujumbe huku inaupeleka kule, usiku na mchana.

Mimi nikaona inaingia vumbi. Nikaifunika kile kitambaa cheupe nilichofuma mwenyewe, kama ninavyoifunika redio. Pembeni nikakichomeka vizuri kisiteleze.

Kumbe ilikuwa inapumua, shoga. Ikapata joto mpaka ikazimika.

Mjukuu amerudi, akaiwasha, wapi. Jumbe za watu zimekwama njiani. Mkubwa wake wa kazini akampigia simu, nikamsikia anajibu, "Ndiyo. Nimeelewa." Kazi wamempa mwingine.

Nikamwambia, "Nigombeze basi."

Akasema, "Bibi, ulikuwa unaitunza."

Ulikuwa unaitunza. Ndivyo alivyosema, shoga.

Nimekaa tu hapa. Hata machozi hayaji.

Kitambaa kilikuwa chini. Amekiokota, akakikung'uta, akaifunika mashine yake taratibu, pembe kwa pembe.

Akasema, "Kiache hapo, Bibi. Haitapata joto tena."