Shikamoo ya Neema

Jumamosi, Miyuji

Bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Leo tumempeleka binti yetu Neema kuiona ile sekondari ya binafsi yenye watoto wa mataifa mengi. Akamwamkia mwalimu mkuu kwa shikamoo, akipiga goti kama bibi yake wa Haneti alivyomfundisha. Wanafunzi wawili wakacheka. Mwalimu akamwambia kwa upole, "Usihangaike, hapa 'habari' inatosha."



Baba yake amependa maabara, anataka tuwajibu Jumatatu kwamba tumekubali. Mimi naogopa, na sijamwambia.

Jioni bibi huyo wa Haneti akafika kututembelea. Neema akasimama palepale mlangoni, akamwambia, "Habari."

Bibi akageuka nyuma kutazama ni nani anayesalimiwa.