Ngazi ya Nyumba Isiyo na Ghorofa

Lubumbashi, 12 Oktoba 2024

Yaya Huguette, dada yangu mkubwa,

Habari za Sakania, na watoto hawajambo? Huku tu wazima; mama anakohoa kidogo, lakini misa haikosi. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu anasikiliza kila neno.

Nimenunua ngazi. Ya chuma, ile ya kuzunguka, imetoka kwenye villa ya zamani inayobomolewa mjini. Bei ya kutupa! Watu watatu walikuwa wameshaishika, wanataka kuinunua. Mama aliikuta uani akaniuliza: "Ile ngazi inaenda wapi? Ku mbingu? Ngoja kwanza bakuite huko." Lakini kuta zetu ni nene, yaya. Tukijenga chumba kimoja juu ya kile cha mama, ukija utalala juu. Jumatatu tunaondoa mabati.

Mudogo wako, Clovis

Sakania, 13 Oktoba 2024

Mudogo wangu Clovis,

Salamu zimefika, asante. Kikohozi cha mama kimenitia wasiwasi, na ngazi yako imezidi. Sisi tuna ghorofa gani? Mwaka jana ulinunua baignoire ya rahisi, lile beseni kubwa la kuogea, mkavunja ukuta wa bafu, na mpaka leo mnaoga kwa ndoo. Mvua zi karibu. Iuze hiyo ngazi. Usiguse mabati, nakuomba.

Yaya wako, Huguette

Lubumbashi, 7 Novemba 2024

Yaya,

Nisamehe kimya changu. Biashara ya mpakani inakwendaje? Mama hajambo. Mabati ya chumba chake yametoka, tumefunika kwa turubai. Nimepata pia madirisha ya vioo, rahisi kabisa, kwa hiyo vyumba vya juu vitakuwa viwili. Fundi Hénoc amepandisha safu nane za matofari. Kuna ufa juu ya kitanda cha mama, kidole kinaingia, lakini Hénoc anasema ni simenti tu inakauka. Mama amekataa kuhamia sebuleni.

Mudogo wako, Clovis

Sakania, 8 Novemba 2024

Clovis,

Leo sisalimii. Mtoe mama humo sasa hivi. Baba alipojenga nyumba hiyo aliweka matofari ya kuchoma mbele tu. Nyuma yote, hata chumba cha mama, ni udongo mbichi. Nilikuwa na miaka tisa, wewe hujazaliwa, nami niliukanyaga udongo huo pamoja naye. Matofari yalimwishia, akaona haya mbele ya wenzake wa kazi ya reli, ukuta ukafunikwa kwa simenti, akaniapisha nisimwambie mtu. Nimenyamaza miaka yote hii, Mungu anisamehe. Ukuta ule haubebi ghorofa, na maji yakiingia umekwisha. Nijibu.

Yaya wako

Sakania, 10 Novemba 2024

Mudogo, simu yako haiiti. Mvua inanyesha hapa tangu alfajiri. Niandikie neno moja tu, kwamba ametoka. Jumatano kuna gari, nitapanda.

Yaya

Lubumbashi, 12 Novemba 2024

Yaya yangu,

Mama mzima, naanza na hilo. Umeme ulikatika siku nne. Nilisoma maneno yako Ijumaa, simu ikazimika mkononi.

Nikamwambia mama siri ya baba, nikidhani atashtuka. Alikaa kitandani, akasema polepole: "Ile simenti njo miye nilipaka, na mikono yangu. Baba yako alikuwa na haya sana. Sikutaka weye umuzarau." Alijua, yaya. Muda wote huu alilala chini ya matofari yangu akijua. Nilimbeba mgongoni hadi nje, analia, ananipiga mabegani. Jumapili tukiwa misani mvua ikaja, ukuta ukaangukia kitanda.

Sasa yuko kwa jirani yetu, mama Ngalula. Mimi ndiye niliyebomoa, lakini anayeona haya ni yeye. Watu wakija kutazama ule udongo, anajifunika uso kwa kitambaa. Nimempigia magoti, anazidi kukivuta kile kitambaa. Panda gari la kesho, yaya. Mimi sijui nimwambie nini.

Mudogo wako, Clovis