Pedi Isiyo na Kitufe cha Kuanzia

Mume wangu, Baba Zuhura,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Yako siwezi kuuliza, na yangu ukiambiwa utacheka, basi tuyaache hayo. Nakuandikia nikiwa hapa kibandani kwetu Manundu, kwenye lile benchi ulilolipigilia misumari ukajigamba kwamba litadumu kuliko sisi wote wawili. Barua yenyewe naiandika wazi, asome atakayesoma, maana mtaani wameshaanza kunong'ona kuwa Mama Zuhura anaongea peke yake. Siongei peke yangu. Naongea na wewe.

Eda nimemaliza Ijumaa. Dada zako walikuja kutoka Kwamsisi, wakanitoa, wakanivika kanga mpya, tukala ubwabwa, tukacheka hata. Jioni wakapanda gari lao wakaondoka, na nyumba ikanyamaza. Mume wangu, sikujua kimya kina uzito namna ile. Nikaja huku kibandani, nikaivua televisheni ile kanga waliyoifunikia siku ya msiba, nikakaa nikaitazama. Sikuiwasha.

Unakumbuka ulivyoileta mashine hii ya gemu? Ruksa ya biashara ilikuwa imeshaingia, kila mtu kageuka mfanyabiashara: mwalimu anauza maandazi, karani anauza mitumba. Wewe walipokupunguza kazi kule kwenye mkonge, nilijua utarudi na cherehani, au angalau baiskeli. Ukaenda Dar, ukarudi na boksi kwapani, unatabasamu peke yako.

"Inapika?" nikakuuliza.

"Haipiki."

"Inashona?"

"Haishoni."

"Sasa inafanya nini, Baba Zuhura?"

"Kaa hapa. Shika hii."

Ukanipa pedi, kidude cha plastiki chenye waya na vitufe. Nikaigeuzageuza, nikatazama na yako, nikaona yangu ina upungufu. Yako ilikuwa na vitufe viwili vya katikati, kimojawapo ndicho cha kuanzisha gemu na ndicho hicho hicho cha kulisimamisha. Yangu katikati palikuwa patupu kabisa. Nikauliza kulikoni. Ukasema pedi ya pili ndivyo inavyotengenezwa, popote duniani, wa pili haanzishi wala hasimamishi. "Wewe cheza tu. Kuanzisha niachie mimi." Nikakwambia hata huyo aliyetengeneza mashine amejua kumnyima mwanamke, na wewe ukacheka mpaka ukakohoa.

Ah, magemu yale! Wapo wanaoyadharau leo, lakini mimi nayapenda bado na sioni haya kusema. Lile la vifaru ndilo lililonifundisha, kwa sababu wawili hawapigani, wanalinda ngome moja, na ukizembea wewe nakufa mimi. La pikipiki lilikuwa zuri kwa macho ila halina kazi kubwa, kidole kimoja kinatosha. La bata sikulipenda, lilikuwa na ile bunduki ya plastiki na kila mwanamume aliyeishika aligeuka msasi wa porini. Lakini la mpira, mume wangu! Wachezaji wadogo kama punje za mtama, hawana nyuso, wekundu wako na wa bluu wangu. Hawana nyuso na bado tuliwapa majina, na yule wa bluu mwenye mbio nilimwita jina la mama yako, Mungu amrehemu, kwa alivyokuwa hatulii. Kaseti ikigoma tunaichomoa, tunaipuliza, tunairudisha. Nani alitufundisha kupuliza? Hakuna. Kila mtu nchi hii alipuliza tu.

Halafu yale magulio. Betri ya gari tunaichaji hapa Korogwe, tunashuka nayo Segera, pale wauza machungwa wanatukimbilia wakidhani sisi ni abiria wa Arusha, tunangoja lori, kisha mwendo uliobaki ni baiskeli. Wewe unasukuma, televisheni imefungwa nyuma kwa kamba ya mkonge, mimi betri kichwani. Kwamsisi kwenu umeme ulikuwa hadithi. Tunatandika turubai, tunaweka kivuli cha kanga ili picha ionekane, na watu wanatuzunguka kama tumeleta daktari wa meno. Asiye na hela alilipa mayai, na tukirudi nyumbani tunakula mayai mpaka Zuhura anatukimbia.

Kazi yangu ilikuwa kuwa mpinzani. Mtu akija peke yake hana wa kucheza naye, mimi hapo, nimevuta kitenge changu, pedi ya pili mkononi. Unamkumbuka Sironga, yule kijana wa Kimaasai aliyekuja kuuza mbuzi? Alichomeka fimbo yake ardhini, akasema, "Mama, shikamoo, lakini mimi leo sitakuhurumia." Nikamwambia marahaba, nikamfunga. Akarudia, nikamfunga. Akapiga kelele mbuzi wakatawanyika, tukaacha gemu tukaenda kuwakimbiza wote, na wewe ndiye uliyebonyeza kitufe ukasimamisha mpira, ili tukirudi tuendelee pale pale. Nilikupenda sana siku ile, sijui kwa nini siku ile hasa.

Ila na wewe yalikuwa mambo mengine. Mbele ya wajomba zako, mke amfunge mume? Hapana, sikulelewa hivyo. Pale Kwamsisi nilikuachia bao la mwisho kila mara, na wajomba wakapiga makofi. Tukiwa njiani kurudi, baiskeli inalia kwi kwi kwi, unaniambia taratibu, "Leo umenipikia gemu." Nami najibu, "Limeiva?" Nyumbani sasa, mlango ukifungwa, nilikuwa nakufunga mpaka unakasirika. Hukuwahi kukubali hata siku moja. "Kitufe kimekwama!" Kila ukifungwa, kitufe kimekwama. Nikakitoa siku moja nikakisafisha kwa mafuta ya taa mbele ya macho yako, nikakufunga tena, ukasema sasa kinateleza. Mtu wa mkonge wewe, vidole vigumu kama mpini wa jembe, kitufe gani kingekwama?

Baadaye umeme ukavutwa hadi huku kwetu, tukaacha magulio, tukafungua kibanda hiki chumba cha mbele. Sasa hivi pale stendi wameleta mashine za diski. Nimeziona. Mchezaji ana uso, ana jasho, akikosa bao anashika kichwa. Nzuri, siwezi kusema uongo. Watoto wanasema mashine hizo zina kitu kidogo unachochomeka mbele, kinakumbuka ulipoishia. Unazima, unakwenda zako, hata mwezi, ukiwasha unakuta mpira pale pale ulipouacha. Baba Zuhura, nilipoambiwa hivyo ilinibidi nitoke nje. Walidhani vumbi limeniingia machoni.

Na Zuhura naye, juzi kanipigia kwa simu ya jirani kutoka Dar, anasema zinakuja mashine nyingine ambazo mtu aliyeko Tanga atacheza na mtu aliyeko Ulaya, hawaonani, hawajuani, kila mmoja chumbani kwake. "Mama, utapenda! Hutahitaji mtu wa kukaa pembeni yako." Mwanao ana nia njema. Mpinzani nisiyemwona ninaye tayari, na mtu wa kukaa pembeni yangu ndiye ninayemtaka.

Maana ile mechi yetu ya mwisho haikuisha, unajua. Asubuhi ile ulikuwa umeshakonda, shati linaning'inia, ukasema tufunge mlango wa wateja tucheze moja. Ukanishika mkono. "Mama Zuhura, leo usinihurumie. Usinipikie." Nikasema sawa. Nami sikukuhurumia, wallahi, nilicheza na macho yananiuma. Ukanifunga, nikarudisha. Ukanifunga tena, nikarudisha tena. Mawili kwa mawili. Nina mpira, yule wa bluu mwenye mbio anakwenda kwenye goli lako, ukabonyeza kitufe. Picha ikasimama, mguu wake uko juu. "Ngoja nipumue kidogo. Nikirudi nakumaliza."

Tukakupakia kwenye pikapu ya jirani kwenda hospitali. Televisheni niliiacha inawaka makusudi. Nilisema ukirudi utaukuta mpira pale pale. Hukurudi. Siku ya msiba nyumba ilijaa, wanawake walikaa chini hapa, na mmoja akachomoa waya na kufunika televisheni kama inavyotakiwa nyumba ikiwa na maiti. Simlaumu, na wala sijamwambia mtu yeyote. Mtu utasemaje? Nyumba imefiwa, mjane analia mpira wa kwenye kaseti? Nililia hivyo hivyo, wakadhani nalia jambo moja.

Sasa sikiliza ya jana. Bakari mdogo wako alikuja baada ya alasiri. Akasalimia vizuri, akanipa pole, akaanza kuzungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho akasema.

"Shemeji, saruji yangu inanyeshewa kule stendi. Hiki chumba naona hakina kazi tena. Naomba funguo, nikifanye stoo."

"Kina kazi. Nafungua Jumatatu."

"Unafungua nini? Gemu? Shemeji, wewe sasa mjane, mtu mzima. Unakaa na vijana wa watu mnabonyeza vitufe, watu watasemaje?"

"Watasema nimewafunga."

Akacheka kidogo, halafu akakunja uso, maana alikuwa amekuja na neno la wazee. Kwamba wameshauriana huko Kwamsisi, kwamba mashine iende kwa watoto wake, na mimi nitulie, nilale mchana, nile, nimngojee Zuhura aolewe. Wanataka nitulie, Baba Zuhura. Nimetulia eda nzima ndani ya kuta nne. Nikitulia zaidi ya hapo mtanizika na mimi.

Nikatoa funguo kiunoni nikaziweka juu ya televisheni. "Shemeji, nifunge kwanza. Ukinifunga, chukua chumba, chukua na mashine. Ukifungwa, saruji yako ipelekee mkeo chumbani." Unajua yeye si haba, alikuwa akija kila Jumapili na ulikuwa ukimwogopa. Nilimwona anaona haya kukataa. Shemeji akikutania hukimbii, utachekwa mpaka uzeeni.

Akakaa kulia, pale pa mgeni, pale nilipokaa mimi miaka yote. Akaokota pedi ya pili. Basi iliyobaki ilikuwa yako.

Sikuwahi kuishika. Ulijua hilo? Nimeipangusa vumbi mara nyingi, lakini kuishika kwa kucheza, kamwe. Mahali pa kidole gumba rangi imelika, pamebaki shimo pana la kidole chako cha mkonge. Nikaweka changu, hakikujaza.

"Anzisha basi, shemeji," Bakari akasema. "Hii yangu haina kitufe."

"Najua haina."

Nikabonyeza. Na lo, aibu iliyonikuta! Wekundu sasa ni wangu, lakini macho yangu yamezoea bluu. Kila nikipata mpira nawapasia wa bluu, nawapa wale watu wangu wa zamani, na Bakari anapokea tu anakwenda kufunga. Bao la kwanza alifunga kwa pasi yangu mwenyewe. "Shemeji, una huruma sana," akaniambia. Ule utani ukanipandisha hasira. Nikaacha kutazama rangi, nikasikiliza vidole. Nikarudisha. Mwishoni kabisa, akiwa ameshajua saruji yake inaingia ndani, nikamfunga la pili.

Aliinamisha kichwa. Nilidhani amekasirika, kumbe analia, mdogo wako yule mwenye sauti. Akasema, "Kaka alikuwa akinifunga hivyo hivyo, dakika ya mwisho." Akaweka pedi chini polepole, akazisogeza funguo kuelekea kwangu, akasema wazee atazungumza nao yeye. Akaondoka bila kumaliza chai.

Kwa hiyo kibanda kimebaki, mume wangu. Jumatatu watakuja. Ningependa kukwambia nilifurahi, na nilifurahi, kwa muda wa kuosha kikombe. Halafu nikageuka na kulikuwa hakuna wa kumwambia.

Leo asubuhi nikaiwasha peke yangu. Nikachagua gemu la watu wawili. Pedi yako mkononi mwangu, yangu nikailaza kwenye benchi pale pa mgeni, iwe yako. Nikabonyeza kitufe cha kuanzia, na mashine ikawapa wa bluu waanze. Unajua inavyokuwa: mpaka mwenye mpira aupige, hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Mpira ukakaa katikati. Wekundu wanangoja, wa bluu wanangoja, muziki unarudia pale pale. Nikangoja na mimi. Nimengoja mpaka jirani akaja kuazima kinu, akakiona kinu, akaniona mimi, akaondoka bila kinu.

Miaka yote wewe ndiye uliyenianzishia. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza pedi ya pili, nikakuanzishia. Wa bluu akaupiga mpira hatua moja, akasimama. Nikauchukua. Nikaenda nao mpaka golini na pale nikasita, nikataka kuurudisha nyuma, nikuachie, kama Kwamsisi mbele ya wajomba. Lakini ulinishika mkono ukanikataza.

Nikapiga. Nimekufunga, Baba Zuhura. Kisha nikaishusha pedi mapajani, nikakaa nasubiri useme kitufe kimekwama.

Lala salama.

Mkeo, wa pedi ya pili,
Mama Zuhura