Baba Anaamini Nimegeuza Chuma Kuwa Shaba

Kwako Shangazi Triza, nakuomba unisaidie kabla Jumapili haijafika. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, naishi mtaa wa Tena, na baba yangu ni mchongaji wa vinyago. Shuleni tulitia msumari katika maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu, ukatoka umevaa shaba, nami nikatamani kurudia jaribio nyumbani, lakini nyumba ya mchongaji haina msumari hata mmoja, kwa hivyo nikachukua patasi ya Baba nikaichovya, na ndipo akaingia, akaiona imekuwa nyekundu, akapaza sauti, "Mama Kavindu, njoo uone! Mtoto amegeuza chuma kuwa shaba!" nami nikajaribu kueleza lakini alikuwa ameshafika kwa majirani, na Mama Awuor wa mlango wa pili akaja na bawaba za geti akisema, "Daktari, anza na hizi, kufuli nitaleta kesho." Sasa Baba ameniandikisha kutoa ushuhuda kanisani, eti hii ni Kana ya Galilaya, na mzee wa kanisa ameahidi kuleta kengele ya chuma niigeuze. Shangazi, Baba ndiye aliyetaka niache kemia nisome biashara, na wiki hii tunachagua masomo. Nikisema ukweli, si atanikataza kabisa?

Kavindu


Kavindu binti yangu, pole, lakini kwanza nikugombeze. Nani alikutuma kuchovya kifaa cha kazi cha mzazi bila ruhusa? Na mrututu ni sumu! Kama ulitumia bakuli la uji, litupe leo.

Unajua vizuri kwamba hukugeuza chochote. Chuma kiliingia majini, kikaisukuma nje shaba iliyomo katika mrututu, nayo ikaganda juu ya patasi. Hiyo kengele ikilala humo italiwa na mrututu, na kanisa zima litakuombea kwa jina.

Rudisha bawaba za watu. Kisha mpe Baba msasa, asugue patasi mwenyewe mpaka aone chuma. Usimhutubie. Mchongaji anayepaka mti mweupe rangi ya viatu ukafanana na mpingo ataelewa upesi, tena atacheka. Akiwa bado anacheka, mwambie, "Baba, haya nimeyajua kwa sababu ya kemia, na ninataka kuendelea." Akikataa, mwite mwalimu wako aje azungumze naye.

Jumapili nenda kanisani, imba, kisha ukae chini.